Waosha Vyombo Hula Kwanza

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni ya kukaa. Mke wangu ni mpishi wa shughuli. Kazi yake ni ya kusimama. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mengi nitakayoyasimulia niliyaona nikiwa nimekaa, yeye akiwa amesimama, na kwamba sina aibu hata chembe kumsifu. Wapo wanaume wanaoamini kuwa ukimsifu mkeo mbele za watu unamharibu. Waacheni na imani yao, na chai yao ya baridi.

Mpishi wa shughuli, kwa asiyejua, ni yule anayeitwa kukiwa na harusi au msiba. Huja na miiko mirefu kama mipini ya majembe, akapanga mafiga uani, akawasha kuni jua halijachomoza, na kufikia mchana mtaa mzima umeshiba. Mke wangu ana sufuria zake mwenyewe, nyeusi nje na nyeupe ndani, na ana sauti inayofika mtaa wa pili bila kipaza sauti. Mtaani wanamwita Bi Kipimo.

Jina hilo alipewa kwa kejeli. Mwenye shughuli akija kumwita, wapishi wengine huuliza kwanza, "Mfuko wako ukoje?" Yeye huuliza, "Mtakuwa wangapi?" Akijibiwa "wengi", anarudi kwenye kibao chake na kuendelea kukata vitunguu. "Wengi si hesabu, kaka. Nenda kahesabu, mimi nipo." Kuna mheshimiwa mmoja alikasirika, akasema yeye hawezi kupimiwa wali kama mfungwa, akaenda kwa mpishi mwingine. Watu wakamcheka mke wangu: huyo na kipimo chake, tutaona atampikia nani. Akalisikia jina, akalivaa. Haukupita muda, aliyechekwa akawa yule mheshimiwa, maana kwenye harusi yake chakula kilipelekwa jalalani kwa mkokoteni, na wazee wa upande wa bibi harusi waliondoka bila kuonja hata mchuzi.

Mtaniuliza mambo hayo mawili yanawezaje kutokea siku moja. Yanawezekana sana, tena ndivyo ilivyo karibu kila mahali nilikoalikwa. Mwenye shughuli haogopi mvua wala deni. Anaogopa kuambiwa chakula kimeisha. Kwa hiyo anapika mara mbili ya watu wake. Wageni nao wanaogopa kukuta mfuniko umerudi juu ya sufuria, kwa hiyo wa mbele wanapakua milima. Mlima hauliki, unaachwa nusu, unamwagwa. Wa nyuma wakifika wanakuta sufuria imekwanguliwa. Shimo la taka limeshiba na watu wana njaa, ua ule ule, saa ile ile. Mke wangu akiliongelea jambo hili hushika kiuno, na mimi huacha kukanyaga cherehani nisije nikamkatiza.

Yeye hupika kwa vichwa. Kila kichwa kina bakuli lake, na bakuli hilo linashibisha, nimelijaribu miaka mingi. Mchele wa sufuria ya mwisho hauwashii moto. Anauacha umeshachaguliwa, kando ya maji yanayochemka. Wageni wakizidi, maji yapo. Wasipozidi, mchele unarudi stoo kwa mwenyewe. "Kibichi ni cha kesho," husema, "kilichopikwa ni cha leo." Kwake maharage na mboga ndivyo vinavyobeba sahani, nyama inakuja kidogo na kwa adabu, na bado sijasikia mtu akilalamika akiwa na kitu mdomoni. Mashina ya mboga huyakatakata yakaingia kwenye maharage, maganda yanakwenda kwa jirani mwenye mbuzi. Na kikibaki chakula safi sufuriani, hukifunga kikiwa bado cha moto na kukipeleka kwenye lango la hospitali, ambako ndugu wa wagonjwa hukaa kutwa bila mtu wa kuwauliza wamekula nini.

Hayo yote watu waliyazoea. Kilichowakaa kooni ni sharti lake la kwanza. Kwenye shughuli yake, kabla mgeni yeyote hajapakuliwa, awe mchungaji, awe sheikh, awe mkwe, waosha vyombo na mzee wa kuni wanakaa chini, wanapewa sahani kamili, na wanakula mpaka wananawa mikono. Usipokubali, hapiki. Ameshawahi kuzima moto na kufunga miiko yake kwa kamba, mwenye harusi akimwangalia kwa macho yake mawili, kwa sababu mtu alimwambia, "Hao watasubiri mabaki."

Sharti hilo lilianzia kwenye sahani. Ni sahani ya bati, rangi imebanduka pembeni, na inaning'inia kwenye msumari jikoni kwetu. Ilikuwa ya mama yake. Mke wangu akiwa msichana mdogo alimfuata mama yake kwenda kuosha vyombo kwenye karamu ya nyumba moja kubwa. Waosha vyombo hawakuruhusiwa kula kwenye sahani za nyumba ile, kila mmoja alikuja na ya kwake. Wakaambiwa watakula mwisho. Basi wakaosha tangu asubuhi, mama anasugua kwa majivu, mtoto anasuuza, na kila sahani iliyoletwa ilikuja na wali uliochezewa pembeni tu, na mapande ya nyama yaliyong'atwa mara moja. Kazi yao ilikuwa kuvikung'uta vyote shimoni kabla ya kuosha. Shimo likajaa wakachimbiwa lingine. Jioni mama akaifuta sahani yake, akaenda nayo mlangoni, na mwenye nyumba akatoka anajipepea akasema, "Jamani, kimeisha. Mngesema mapema."

Sahani ile ilirudi nyumbani safi kama ilivyokwenda. Mke wangu amenisimulia haya mara nyingi na kila mara sauti yake inapanda mahali pale pale. "Njaa ya nyumbani nilikuwa naijua," husema. "Ile inavumilika. Njaa ya kwenye karamu ni matusi."

Kukutana kwetu mimi na yeye nako kuna sufuria ndani yake. Nilikuwa kijana, nimeshona suti ya bwana harusi fulani, nikachelewa kufika shughulini kwa sababu ya vifungo. Mstari ulikuwa umekwisha, nami njaa ilikuwa imenishika kweli. Yeye alikuwa bado mwanafunzi wa mpishi mwingine. Aliniona nageuka, akaniita, "We fundi, unakwenda wapi?" Akaingiza kichwa na mabega yote ndani ya sufuria, akakwangua, akatoka na ukoko wa wali uliokauka vizuri, akaumwagia mchuzi uliokuwa kwenye sahani yake mwenyewe. Nikala nimesimama. Wengine hupendana kwa mashairi. Mimi nilipendwa kwa ukoko, na ndugu zangu wamenitania kwa hilo hadi leo. Kwamba mchuzi ule ulikuwa wa kwake nilikuja kuambiwa tukiwa tumeshaoana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana fundi akianza kuongea hata pasi inapoa. Mwaka jana kitinda mimba wetu aliolewa.

Harusi ya nyumbani ni mtihani kwa mpishi. Miaka yote mke wangu alikuwa akiwawekea watu masharti kwenye nyua zao. Safari hii ua ulikuwa wetu, na waliokuwa wakija ni wakwe. Mtaa mzima ulikuwa unangoja kuona kama Bi Kipimo atakipima chakula cha mwanawe mwenyewe, na kama waosha vyombo watakula kabla ya mama mkwe wa binti yake. Kama kingepungua siku hiyo, hakuna tena ambaye angemkubalia sharti lake. Wangesema: umeona, aliwalisha waosha vyombo, wakwe wakalala njaa. Na bila sharti lake asingepika tena, namjua. Angetundika miiko pembeni ya sahani ya bati, basi.

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa dada yangu. Dada yangu ndiye mkubwa wetu. Alinibeba mgongoni, akanifundisha kupiga mswaki, akanichapa, akanilipia ada ya ufundi. Nampenda na namwogopa. Yeye na mke wangu ni mawifi wa kweli kweli: wanaulizana hali kila siku, na kila swali lina mwiba.

"Wifi," dada alisema wiki ya maandalizi, amekaa katikati ya jikoni kama kabati, "nimesikia unataka kuwaleta wale wanawake wa nyuma ya soko wale kwanza."

"Si kwamba nataka, wifi. Watakula kwanza."

"Mbele ya wakwe?"

"Wakwe wakiwahi, ndiyo, mbele yao. Wakichelewa, watakuta wenzao wameshanawa."

"Na mchele unaacha mbichi."

"Ule wa mwisho, ndiyo."

"Watoto wa watu wanakuja kula, wewe unawawekea mchele mbichi! Mdogo wangu, unasikia?" Hapo alinigeukia mimi. Nilikuwa na pini mdomoni, namshukuru Mungu kwa pini.

Mke wangu aliendelea kuchambua maharage. "Wifi, kwenye harusi ya mwanao wa kwanza nani alipika?"

"Ni wewe."

"Kuna aliyelala njaa?"

"Pale walikuwa watu wetu. Hawa ni wakwe." Dada akainuka, akajifunga kitambaa chake kiunoni kwa nguvu, akatoka. Nilijua kwamba hajashindwa. Katika ukoo wetu mtu akinyamaza haraka ujue ameshapata njia nyingine.

Siku ya harusi moto uliwaka mapema. Turubai lilifunika ua wote, viti vya kukodi vikapangwa mpaka nje ya geti. Mzee wa kuni alipasua magogo kwa utaratibu wake wa kukohoa kwanza ndipo apige shoka. Wanawake watatu wa kuosha vyombo walipanga mabeseni yao kando ya bomba. Nilikuwa nimevaa suti niliyojishonea, na sitaki kujisifu, lakini mabega yalikaa.

Sufuria zilipoiva, mke wangu alitoa mbili za wali na moja ya nyama, akazifunika vizuri na kuziweka nyuma ya ukuta wa jiko, ziwe za nusu ya pili ya mstari. Kisha akapiga mwiko kwenye figa. "Waosha vyombo! Mzee wa kuni! Njooni mle."

Wakaja, wakaketi kwenye mkeka chini ya dirisha, wakapakuliwa. Na kama vile shetani mwenyewe alikuwa dereva, basi la wakwe likasimama getini wakati ule ule.

Mama wa bwana harusi alishuka wa kwanza. Mrefu, anatembea taratibu, gauni lake la kitambaa ghali na mshono, Mungu anisamehe, wa ovyo kabisa. Alikaribishwa kwa vigelegele, akapita katikati ya viti, macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mkeka. Dada yangu alikuwa pembeni yake. Nilimwona akifumba macho kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

"Wale ni wageni wa kutoka mbali?" mama yule aliuliza.

Mke wangu alijifuta mikono. "Hapana, mama. Wale ndio wenye kazi. Sisi wengine tumekuja kula."

Mama yule aliwatazama tena wale wanawake, na mzee wa kuni ambaye alikuwa amejaza mdomo na hawezi kusalimia. "Haya," alisema, akaenda kukaa. Huwezi kujua "haya" ya mkwe ina maana gani. Mimi jasho lilinitoka ndani ya suti.

Wakwe walipokwisha kuketi, likaja basi lingine. La pili hatukuambiwa. Mke wangu alilitazama likimwaga watu, akahesabu kwa midomo, akamwambia mzee wa kuni, "Sukuma kuni." Mchele mbichi ukaingia majini. Hapo nilimtafuta dada yangu nimkonyeze, kwamba unaona akiba ya mwenzako, lakini sikumwona.

Mstari ukaanza kusonga. Mke wangu hupakua mwenyewe, bakuli moja kila kichwa, na kila mtu anaambiwa, "Ukimaliza urudi." Watu walikula, wakasifu, wengine wakarudi. Mstari ulipofika katikati sufuria za mbele zikawa zimekwisha, kama alivyopanga, na mke wangu akaenda nyuma ya ukuta kuchukua zile tatu.

Alikuta duara tatu za masizi sakafuni.

Nilikuwa nimekaa mahali nilipoweza kumwona. Hakupiga kelele. Alisimama akizitazama zile alama nyeusi, na nikamwona akishika ukuta. Mchele wa basi la pili ulikuwa bado haujaiva, na hata ukiiva usingetosha peke yake. Mstari nao ulikuwa umeshaanza kunusa. Mstari wa chakula una pua kuliko mbwa. Wakaanza kusogea mbele, halafu mtu mmoja wa upande wa bwana harusi akasema, si kwa sauti kubwa lakini ya kutosha, "Wale waliokula kwanza, si ndio wamekimaliza?"

Kwenye mabeseni, mwanamke mmoja aliacha kusugua. Povu lilikuwa limemfika viwikoni. Aliinua uso, akawatazama watu, akauinamisha tena. Nimeshona sanda nyingi katika maisha yangu na sijawahi kuona uso wa aibu vile kwa mtu asiye na kosa. Hapo hasira ilinipanda, mimi mtu wa kukaa, nikasimama.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyofanya kazi. Kifungo cha suti ya bwana harusi kilikatika muda huo huo, akaja kwangu amekishika mkononi. Nikaenda chumbani kuchukua sindano. Mlangoni nikamkuta dada yangu amekaa kwenye kigoda, anajipepea kwa mfuniko.

"Usiingie," alisema. "Bibi harusi anapumzika."

Niligeuza shingo. Bibi harusi, mwanangu, alikuwa nje pale kwenye kiti cha maua, anacheka na shangazi zake wengine. Nikamtazama dada. Dada akatazama mfuniko aliokuwa akijipepea nao, kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Njia ya mwongo ni fupi, ya dada yangu siku ile haikufika hata kizingitini.

"Dada," nilisema.

"Ni za wakwe," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nilijua kitapungua. Niliwabebesha vijana walioleta viti, niwawekee wakwe, wasije wakatusema. Nilitaka watu wazima wale wapakuliwe ndani, kwa heshima. Halafu basi la pili likaja, nikaogopa zaidi, nikashindwa kuzitoa."

Nilichungulia. Sufuria tatu zimekaa juu ya kitanda changu, zimefunikwa shuka la harusi, kama wagonjwa. Wali unatoka moshi chini ya shuka. Huo ndio ugonjwa wetu, na nimeuona nyumba nyingi: tunaficha chakula kwa kuogopa aibu, na kule kuficha ndiko kunakoleta aibu yenyewe.

Nilikuwa na dada mbele na mke nyuma, na kati yao mstari wa watu wenye njaa. Nilikwenda kwa mke wangu, nikamnong'oneza, "Ziko kitandani. Ni dada." Nikangoja radi. Kama angepasuka pale, angekuwa na haki, na dada yangu asingekaa tena mbele ya watu wa mji ule maisha yake yote. Nilimwomba kwa macho, na niliona haya kumwomba.

Mke wangu aliuweka mwiko chini. Akavua kitambaa cha kichwani, akajifuta uso, akakifunga upya. Akaenda mpaka kwenye kigoda, akachuchumaa mbele ya dada yangu, akamwambia kitu kifupi. Baadaye niliuliza ni nini. Alimwambia, "Wifi, simama, tutoke pamoja. Kichwa juu."

Kisha ile sauti ya mtaa wa pili ikatoka. "Haya jamani! Akiba ilikuwa kwa wifi yangu! Hakuna mtu hapa aliyekula cha mwenzake. Nusu ya kwanza imepita, sasa inakuja ya pili. Vijana wawili wenye mikono, njooni mbebe!"

Mlango ukafunguliwa. Dada yangu akatoka mbele, sufuria zikimfuata, na vigelegele vikampokea kama aliyejifungua. Alitembea kichwa juu kama alivyoambiwa, lakini mimi niliyebebwa na mgongo ule nilijua ulivyokuwa unatetemeka. Mke wangu alipita karibu na mabeseni, akamgusa bega yule mwanamke mwenye povu, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mama, asante kwa kazi." Yule wa upande wa bwana harusi aliyekuwa amesema maneno yake alipofika mbele alipakuliwa bakuli kamili, si pungufu hata punje, na akaambiwa, "Ukimaliza urudi." Hakurudi, nadhani yalimkwama.

Kikatosha. Basi la kwanza, basi la pili, majirani walioalikwa na wale waliojialika, wapiga ngoma, madereva wote wawili, kilitosha. Mama wa bwana harusi alirudi mwenyewe na sahani yake kwa mara ya pili, hakumtuma mtu. "Hao wenye kazi," alimwambia mke wangu, "walivyokula vile, hata mimi nilijua nimekuja mahali penye chakula." Ile "haya" ikapata maana yake, nami nikafungua kifungo cha koti.

Mke wangu ana kawaida moja tena. Katika kila shughuli anayoipika, yeye ndiye mtu wa mwisho kwenye mstari, na anapakua kwenye ile sahani ya bati. Akikuta chakula, anajua kazi yake ilikuwa ya haki. Siku ile aliichukua, akaja nyuma ya mstari mtupu, akapakua. Kilikuwa kimebaki bakuli moja, na ukoko. Alipogeuka akamkuta dada yangu amesimama nyuma yake, mikono mitupu.

Ndipo tulipotambua. Katika watu wote wa harusi ile, mmoja tu hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi: aliyekaa mlangoni akilinda sufuria tatu za chakula.

"Wifi, sikuja kula," dada alisema. "Nimekuja kusema—"

"Umekuja mwisho wa mstari. Mtu akisimama mwisho wa mstari wangu anakula." Akamsukumia kigoda kwa mguu, akaketi kwenye kingine, akaweka sahani ya mama yake juu ya magoti yao, nusu kwa huyu nusu kwa huyu. Sijawahi kuona mtu mwingine akila kwenye sahani ile. Hata mimi, niliyeolewa kwa ukoko, sijawahi kuishika mpaka leo. Dada alikula machozi yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na kazi.

Walipomaliza, dada aliichukua sahani akaenda nayo kwenye mabeseni, akakunja mikono ya gauni lake la shughuli nililomshonea kwa taabu, akachuchumaa kuosha. Yule mwanamke wa povu akamzuia. "Shangazi, acha. Hapa anayeosha hula kwanza. Wewe umekula mwisho."

Walicheka wote, na dada akaosha hivyo hivyo. Aliosha mpaka sahani ya mwisho. Mimi nilisimama dirishani na suti yangu, nikaona fahari ambayo koti halikuitosha.

Mwezi uliopita tulialikwa kwenye harusi ya binamu yetu, mji mwingine. Mke wangu hakuwa mpishi, alikuwa mgeni, amekaa kwa shida na mikono mapajani. Kabla ya mstari kufunguliwa tulisikia ugomvi jikoni. Alikuwa dada yangu, amesimama mbele ya sufuria, amemnyooshea kidole mwenye shughuli.

"Hakuna mgeni atakayepakuliwa," alikuwa anasema, "mpaka wale wanawake wa mabeseni wale. Kwetu waosha vyombo hula kwanza. Ndivyo tulivyolelewa."

Mimi niliyelelewa naye nyumba moja, na mama mmoja, nilimgeukia mke wangu. Alikuwa anatazama mbele, uso umetulia, na machozi yamemjaa. Akanifinya paja nisije nikasema kitu.